Mbegu ya mbaazi ya nyanya yangu imeingia madoadoa

Swali: Mbaazi zangu hapa Mbooni ni mbegu ya nyanya yangu, nyeupe tupu. Siku hizi napata zenye madoadoa. Zimeharibika?

Jibu: Hazijaharibika, zimechanganyika. Ua la mbaazi hujichavusha lenyewe, lakini nyuki huleta chavua kutoka kwa jirani aliyepanda aina nyingine. Chagua miti michache yenye afya. Ondoa maua yaliyokwisha kufunguka, kisha valisha tawi lenye vitumba mfuko wa chandarua na uufunge mdomo kwa uzi mwekundu. Maganda yakishatunga, toa mfuko uache uzi huo tawini, ili wachumaji wa mbaazi mbichi wasiliguse tawi hilo. Rudia misimu miwili mitatu, ukitupa kila mti unaozaa madoadoa: ganda la punje hufuata mti mama, kwa hiyo punje nyeupe yaweza kuficha mchanganyiko hadi msimu ujao.

Mti ulionyauka ilhali udongo una unyevu usichukue mbegu yake kamwe. Chana shina, ukiona michirizi ya kahawia, huo ni mnyauko wa fuzari, na kuvu wake hukaa udongoni miaka. Mvua za Oktoba zikija, panda mbaazi kwingine.