Pedi za Breki za Pikipiki: Namna ya Kuzichagua na Kuzitunza

Katika kata nyingi, pikipiki ndiyo usafiri wa kwanza wa mkazi. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hupelekwa zahanati kwa bodaboda. Mgonjwa hufuatiwa dawa kwa bodaboda. Gunia la mahindi hufikishwa mnadani kwa bodaboda. Usalama wa watu hao wote hutegemea vipande viwili vidogo vinavyobana diski ya gurudumu, yaani pedi za breki. Somo hili linaeleza namna ya kuzichagua pedi zinazouzwa madukani, kuzifunga na kuzitunza.

Kazi ya breki ya mbele

Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 katika kila sekunde moja. Dereva anaposhika breki, uzito wa chombo na wa abiria huhamia mbele, na tairi la nyuma hubaki jepesi. Kwa sababu hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Wapo madereva wanaoikwepa kwa kuhofia kuanguka. Kinachoangusha ni kuibana kwa ghafla, hasa penye mchanga, tope au kona. Ikibanwa taratibu na kuongezwa nguvu kidogo kidogo, pamoja na ile ya nyuma, husimamisha pikipiki katika umbali mfupi zaidi.

Kipuri mbadala na kipuri bandia

Pedi nyingi zilizoko madukani hazikutengenezwa na kiwanda kilichounda pikipiki. Hizo ni pedi mbadala, na baadhi yake ni nzuri kabisa. Kipuri mbadala hubeba jina la mtengenezaji wake mwenyewe. Kipuri bandia hujificha nyuma ya jina la mwingine. Mnunuzi hana sababu ya kuogopa cha kwanza, lakini cha pili akiepuke hata kikiuzwa kwa nusu ya bei.

Pedi zipo za aina kuu tatu. Ya kwanza ni ya nyuzi zilizoshikamanishwa kwa gundi maalumu. Ni laini, haipigi kelele wala kuila sana diski, lakini huisha mapema na hupungukiwa nguvu inapopata moto mkali. Ya pili ni ya unga wa metali ulioshindiliwa na kuchomwa. Huvumilia joto, mvua na matope, ila huweza kuisaga upesi diski ambayo haikuundwa kwa ajili yake. Ya tatu huchanganya nyuzi na metali, nayo husimama katikati ya hizo mbili. Kwanza ifuatwe aina iliyotajwa katika kitabu cha pikipiki. Kisha, ikiwa kitabu kinaruhusu zaidi ya aina moja, dereva wa milimani anayebeba mizigo kila siku achague inayovumilia joto.

Dukani, mnunuzi aende na pedi ya zamani mkononi na ailinganishe na mpya kwa umbo na matundu ya pini. Atazame kama tabaka la msuguano limeshikamana na bamba la chuma pasipo ufa wala uwazi, na kama pedi zote mbili zina unene sawa. Nambari iliyo kwenye kasha ifanane na iliyo kwenye bamba. Mara nyingi mgongoni huwa na herufi mbili, kama FF, GG au HH. Ya kwanza huonyesha nguvu ya kushika pedi ikiwa na joto la kawaida, na ya pili ikiwa imepata moto sana. H hushika kuliko G, na G kuliko F. Herufi hizo hazielezi pedi itadumu kwa muda gani. Asiyepewa risiti hana ushahidi wa kurudisha kipuri kibovu. Kwa hiyo risiti idaiwe kila mara.

Pedi kuukuu iliyobandikwa tabaka jipya mtaani isinunuliwe. Gundi ya kawaida haihimili joto la breki, na tabaka huweza kubanduka wakati breki inapohitajika zaidi.

Kufunga pedi mpya

Diski ipimwe kwanza. Unene wa chini unaoruhusiwa mara nyingi huandikwa juu ya diski yenyewe. Iliyopungua chini ya hapo ibadilishwe. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu, kwa kuwa lina madhara kwa mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Pini zinazoteleza zipakwe grisi ya breki kidogo, lakini grisi isiguse pedi wala diski.

Kazi ikiisha, mkono wa breki ubanwe na kuachiwa mara nyingi mpaka uwe mgumu, kabla gurudumu halijazunguka. Fundi huwa amezirudisha ndani pistoni ili pedi mpya ziingie. Dereva akiondoka bila kufanya hivyo, mkono huzama na breki haishiki.

Pedi mpya huhitaji kuzoeana na diski. Dereva apunguze mwendo kwa upole mara ishirini hadi thelathini, akiiacha breki ipoe kati ya mara moja na nyingine, na siku za mwanzo aepuke kufunga breki kwa nguvu isipokuwa kwa dharura.

Matunzo ya kila siku

Kila juma dereva achungulie pedi kwa tochi. Nyingi zina mfereji wa alama. Mfereji ukitoweka, pedi imekwisha. Isiyo na mfereji ibadilishwe tabaka likibaki milimita 2. Mlio wa chuma kusaga chuma maana yake tabaka limekwisha na diski inaliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: aliyeahirisha kununua pedi hununua pedi na diski pamoja.

Pedi iliyolowa oili au grisi haiponi kwa kuoshwa na petroli wala kusuguliwa na msasa, itupwe. Mafuta ya breki yawe ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, na yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa hunyonya unyevu na kuchemka mapema. Oili ya injini isiwekwe humo kamwe, kwani huharibu mipira ya pistoni.

Katika mteremko mrefu, dereva ashuke akiwa ndani ya gia ili injini isaidie kuzuia mwendo. Anayeshuka akiwa ameondoa gia au amezima injini ili kuokoa petroli huiachia breki mzigo wote, nayo hupata moto hata ikalegea kabla ya kufika bondeni.

Makubaliano ya mwenye chombo na dereva

Mara nyingi pedi huchelewa kubadilishwa kwa sababu dereva humngoja mwenye pikipiki, na mwenye pikipiki humngoja dereva. Inafaa mkataba wao uandike wazi ni nani anayenunua pedi na mafuta ya breki, na kwamba siku ya kuzibadilisha dereva hadaiwi hesabu kamili. Abiria naye ana haki ya kushuka na kutafuta chombo kingine asikiapo chuma kikisaga chuma. Kushuka huko humkumbusha dereva na mwenye chombo wajibu wao kabla ajali haijawakumbusha.