Fizika ya motokari nyepesi: kilo gani ya kuondoa, kilo gani ya kuacha



Leo tunataka kuchukua kanuni chache za fizika zilizo katika madaftari yetu, tuone namna zinavyofanya kazi katika motokari za mbio za watu wa kawaida kule Uingereza. Hatusemi juu ya mashindano ya Formula 1, yenye kutumia milioni nyingi za dolari. Tunasema juu ya makanika, mwalimu au fundi wa umeme. Katikati ya juma anafanya kazi yake, na siku ya posho anapeleka motokari yake uwanjani kushindana na wenzake wa chama. Hapati mshahara kwa mbio hizo. Yeye mwenyewe analipa pine, esanse na kila kitu kinachovunjika.

Wengi kati yetu wanawaza kama mwenye moteri kubwa ndiye anashinda. Tumesikia mabishano hayo mara mingi, hata katika dortwari nyuma ya kuzima taa. Lakini moteri kubwa ni bei kali, na mtu wa franka kidogo hawezi kuinunua. Basi anafanya nini? Anapunguza uzito. Somo letu ni hili: kuondoa kilo ni njia nzuri ya kupata mbio, lakini si kila kilo iko sawasawa na nyingine. Kuna kilo ya bure, na kuna kilo inayolinda uzima wa mtu.

1. Walianza namna gani

Mwaka 1922 kiwanda cha Austin cha Uingereza kilitoa motokari ndogo iliyoitwa Austin Seven. Moteri yake iliyojulikana zaidi ilikuwa ya sentimetre kibiki 747 tu. Pikipiki kubwa za siku hizi zinaipita. Mwaka 1939 wapenda motokari hizo waliunda chama chao, 750 Motor Club, nacho kingali hai mpaka leo. Nyuma ya vita kuu ya pili chama kiliweka sheria za mashindano ya motokari zilizotengenezwa kutoka Austin Seven kuukuu, kusudi hata mwenye mali kidogo apate nafasi ya kushindana.

Katika watu hao alikuwamo kijana mmoja jina lake Colin Chapman. Alizaliwa mwaka 1928, akasoma uinjinia katika University College London. Mwaka 1948 alitengeneza motokari yake ya kwanza kutoka Austin Seven ya zamani. Hakuwa na kiwanda. Mwaka 1951 alishindana katika mbio zile za chama na kushinda mara nyingi, na mwaka 1952 akaanzisha kampuni ya Lotus. Mwaka 1957 alitoa Lotus Seven, motokari ya watu wawili, pasipo dari, pasipo pambo, yenye uzito wa karibu nusu tani. Mtu aliweza kuinunua kwa vipande na kuifunga mwenyewe nyumbani. Tangu mwaka 1973 kampuni ya Caterham ndiyo inaitengeneza, na watu wangali wanashindana nayo.

Chapman alijulikana kwa fikira moja: rahisisha chombo, kisha kifanye chepesi. Sasa tuulize fizika kama alikuwa na haki.

2. Kanuni ya kwanza: nguvu, kilo na mbio

Newton anatufundisha kama nguvu ni sawa na masa mara kuongezeka kwa mbio. Mfano wake tunauona kila siku barabarani. Kinga yenye mfuko mmoja wa unga, kijana mmoja anaisukuma vizuri. Ongeza mfuko wa pili: kijana ni yuleyule, mikono ni ileile, lakini kinga inachelewa kushika mwendo, na ikiisha kushika, inachelewa kusimama.

Tufanye hesabu. Tuseme motokari pamoja na shoferi wake ni kilo 900, na pine zinasukuma kwa nguvu ya newton 2.700. Tukigawanya tunapata 3: kila sekonde, mbio inaongezeka metre 3 kwa sekonde. Kutoka metre 20 kwa sekonde (ndiyo kilometre 72 kwa saa) mpaka metre 40 kwa sekonde, inatumia sekonde 6,67 na inakula metre 200.

Sasa tuondoe kilo 90, maana yake sehemu moja ya kumi. Nguvu haibadiliki. 2.700 gawanya kwa 810 ni 3,33. Motokari inafika mbio ileile kwa sekonde 6 kamili, katika metre 180. Kwa kumaliza zile metre 200 inatumia karibu sekonde 6,49. Faida ni sehemu 18 za mia za sekonde.

Mtu atacheka: ni kitu gani hicho? Lakini uwanja ukiwa na sehemu nne za namna hiyo, na mbio ikiwa na mizunguko 10, faida ni zaidi ya sekonde 7. Katika mbio za chama, mara mingi sekonde moja ndiyo inatenga wa kwanza na wa pili.

Tuseme pia ukweli wote. Hesabu yetu ilidhani kama nguvu haibadiliki na upepo hauko. Kumbe upepo uko, na mbio ikizidi unasukuma zaidi na zaidi. Kupunguza kilo hakupunguzi upepo. Kwa hiyo uzito unasaidia zaidi katika uwanja wa kona nyingi kuliko katika uwanja wa mistari mirefu iliyonyooka.

3. Kanuni ya pili: kusimama na kukata kona

Nguvu ya mwendo ni nusu ya masa mara mbio mara mbio. Kwa metre 30 kwa sekonde, motokari ya kilo 900 inabeba jule 405.000, na ya kilo 810 inabeba jule 364.500. Jule zile zote freni inapaswa kuzigeuza kuwa moto. Motokari nyepesi haichomi freni upesi, na shoferi anaweza kungoja kidogo mbele ya kukanyaga.

Juu ya kona kuna neno la kushangaza. Ukiandika kanuni ya msuguano jinsi tunavyofundishwa, masa inakufa pande zote mbili: motokari nzito inashika barabara zaidi, lakini vilevile inahitaji kushikwa zaidi. Hivi ungesema uzito hauna kazi katika kona. Lakini pine ya kweli haifuati kanuni hiyo sawasawa. Ukiongeza mzigo juu yake, ushikaji unaongezeka, lakini si kwa kadiri ileile ya mzigo. Kwa hiyo motokari nyepesi inakata kona kwa mbio zaidi, na pine zake zinakaa siku nyingi.

4. Mahali pa kilo

Kilo ya juu ni mbaya kuliko kilo ya chini. Katika kona, kilo iliyo darini inailaza motokari upande wa nje na kutupa mzigo juu ya pine mbili za upande huo. Kilo iliyo sakafuni inafanya hivyo kidogo tu.

Kilo inayozunguka ina deni mara mbili. Kilo moja iliyo ukingoni mwa gurudumu inapaswa kusukumwa mbele, tena kuzungushwa. Ukifanya hesabu ya duara jembamba, utaona kama wakati wa kuongeza mbio inahesabiwa karibu kama kilo mbili. Tena gurudumu haliko juu ya resori. Likiwa jepesi linafuata mashimo ya njia vizuri zaidi. Ndiyo sababu jante nyepesi zinapendwa, hata kama bei yake ni kali.

5. Ya kuondoa

Fundi mwenye akili haanzi kwa kununua. Anaanza kwa mizani na daftari. Kila kitu kinachotoka kinapimwa na kuandikwa.

Mbele ya yote anatoa vitu ambavyo kuvitoa ni bure: viti vya nyuma, tapi ya sakafu, radiyo, mashine ya kupasha moto, gurudumu la akiba na jeki yake, mapambo ya ndani ya milango, na ile lami iliyobandikwa juu ya tole kwa kuzuia makelele. Kisha anatazama esanse. Litre moja ina uzito wa karibu gramu 750. Mtu akiingia mbioni na litre 40 hali 20 zinatosha, amebeba kilo 15 bure. Kisha anajitazama mwenyewe: shoferi akipunguza kilo 5 za tumbo, hakununua kitu.

Nyuma ya hayo ndipo vinakuja vitu vya franka: batri ndogo, vioo vya plastiki ngumu badala ya vioo vizito kama sheria inaruhusu, na jante nyepesi.

Lakini asome kwanza kitabu cha sheria. Vyama vingi vinaweka uzito wa chini, mara mingi pamoja na shoferi, na nyuma ya mbio motokari inapandishwa juu ya mizani. Ikikosa hata kilo moja, ushindi unaweza kufutwa. Ikiwa imekuwa nyepesi kupita sheria, mwenyewe anafunga vipande vya chuma sakafuni. Huyo hakutumika bure, kwa sababu ameondoa kilo ya darini na kuiweka chini, mahali alipochagua mwenyewe.

6. Ya kuacha

Hapa tunaomba wadogo zetu wasome polepole.

Kuna vitu ambavyo ni uzito mtupu mpaka siku ya hatari: kizimba cha mabomba ya chuma kinachozunguka shoferi, mikanda, kiti kigumu, kifaa cha kuzima moto, ukuta wa tole kati ya shoferi na tangi ya esanse. Katika motokari ya mbio, vingine kati ya hivi vinaongezwa. Havikuwamo wakati ilipotoka kiwandani. Vilevile kuna vyuma vinavyobeba kazi yote: mikono ya magurudumu, buloni, ekseli, freni, fimbo za volani. Kutoboa matundu ndani ya vyuma hivyo kwa kutafuta gramu chache ni kucheza na kifo.

Fikira ya Chapman yenyewe ilikuwa na upande huo wa giza. Motokari za Lotus zilisifiwa kwa wepesi, zikalaumiwa pia kwa kuvunjika. Mwaka 1969, nyuma ya ajali kule Hispania, shoferi wake Jochen Rindt alimwandikia barua. Alimweleza kama motokari zake zina mbio ya kutosha. Kilo chache zikiongezwa kwa kutia nguvu sehemu dhaifu, zingeweza kushindana bado. Tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 1970, katika mazoezi ya mbio za Monza, Italia, Rindt alikufa ndani ya Lotus. Uchunguzi ulionyesha kama ekseli ya freni ya mbele upande wa kulia ilivunjika, na kizuizi cha chuma cha kando ya njia nacho hakikufungwa vizuri. Mwisho wa mwaka alihesabiwa kuwa bingwa wa dunia, yeye peke yake katika historia aliyepata cheo hicho akiwa amekwisha kufa.

Hatusemi kama wepesi ni mbaya. Tunasema hivi: mbele ya kuondoa kilo, uliza kazi yake. Ikiwa haina kazi, itoke leo. Ikiwa kazi yake ni kushika gurudumu au kulinda mtu, iache, hata kama mwenzako ameitoa na amekupita.

7. Kupima kwa haki

Neno la mwisho ni lile tunalofundishwa katika laboratwari: badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Mtu akitoa kilo 40, akibadilisha pine, na akirudi uwanjani siku ya baridi, hawezi kujua ni kitu gani kilimpa mbio. Afanye mizunguko mingi mbele, mingi nyuma, na katikati atumie esanse kwa kiasi kimoja. Asichukue mzunguko ule mzuri peke yake na kusahau mingine yote. Na mara mingi saa itamwambia neno lisilopendeza: mazoezi ya shoferi mwenyewe yanaleta sekonde nyingi kuliko vyuma. Anayejifunza kukata kona moja vizuri ameshinda kilo nyingi, na hakuna sheria inayomkataza.

Maswali ya kujipima

a) Motokari ya kilo 800 inasukumwa na newton 2.400. Ukiondoa kilo 50, itatumia sekonde ngapi kutoka metre 20 mpaka metre 36 kwa sekonde? Mbele ya kuondoa ilitumia ngapi?

b) Una ruhusa ya kuondoa kilo 6 tu. Utazitoa darini, sakafuni, ao ukingoni mwa magurudumu? Eleza sababu.

c) Andika vitu vitano vya kinga inayobeba mizigo. Kimoja kimoja, useme: kinaweza kutoka, ao hapana, na kwa nini.

Wanaotaka kujibu watuletee karatasi zao mbele ya siku ya tano. Majibu yatakayokuwa sawa yatatoka katika gazeti letu lijalo, na hesabu zote zionekane, si jibu tupu.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita