Umbali na Muda wa Safari ya Ndege: Nairobi hadi New York

Tarehe 28 Oktoba 2018, Shirika la Ndege la Kenya lilianzisha safari ya moja kwa moja kutoka Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi Uwanja wa John F. Kennedy, New York. Safari ndefu kama hiyo huzua maswali mawili: njia iliyo fupi kupita zote ni ipi, na muda wake hukadiriwaje?

Mwanafunzi akiunganisha miji hiyo kwa rula juu ya ramani ya Mercator, mstari utapita Burkina Faso na kuiacha Afrika katika pwani ya Mauritania. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 12,190 hivi. Lakini dunia ni tufe, wala si bapa kama karatasi. Mwalimu na achukue mfano wa tufe la dunia na uzi. Uzi ukikazwa baina ya miji hiyo, utapita juu ya nchi kama Uganda, Chad, Niger, Algeria na Moroko. Juu ya Atlantiki utapanda hadi latitudo 42° Kaskazini, kupita latitudo ya New York yenyewe, ndipo ushuke. Uzi huo umefuata tao la duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia.

Urefu wa tao hupatikana kwa kanuni hii:

kos θ = sin a × sin b + kos a × kos b × kos c

Hapa a na b ni latitudo za miji, na c ni tofauti ya longitudo. Nairobi ipo 1.3° Kusini, 36.9° Mashariki, New York ipo 40.6° Kaskazini, 73.8° Magharibi. Latitudo ya kusini huandikwa kwa alama ya kutoa; hivyo a = –1.3°, b = 40.6° na c = 110.7°. Jibu ni θ = 106.44°. Mzingo wa dunia ukiwa kilomita 40,030:

Umbali = 106.44/360 × 40,030 = kilomita 11,840 hivi.

Duara kuu limeokoa kilomita 350, pamoja na mafuta yake.

Ndege yenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa, pasipo upepo, ingetumia saa 13 na dakika 9. Lakini katika latitudo za kati, pepo za juu aghalabu huvuma kutoka magharibi. Ikichukuliwa kwamba upepo ni wa wastani wa kilomita 50 kwa saa njia nzima, kwenda kutachukua saa 13 na dakika 56, na kurudi saa 12 na dakika 28.

Wengi hudhani kwamba hasara ya kwenda hufidiwa na faida ya kurudi. Sivyo. Jumla ni saa 26 na dakika 24, badala ya saa 26 na dakika 18. Sababu ni kwamba ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo unaoipinga kuliko katika ule unaoisukuma.

Zoezi: Ndege yaondoka Nairobi saa 5 usiku, mwezi Januari, na kusafiri kwa saa 14. Saa za New York wakati huo ziko nyuma kwa saa 8. Itatua saa ngapi za huko? (Jibu: saa 11 alfajiri.)