Kipima Oksijeni cha Kidoleni Kinapoingia Darasani

Kabla ya janga la UVIKO-19, kipima oksijeni kilihesabiwa kuwa chombo cha chumba cha upasuaji na wodi ya wagonjwa mahututi. Leo kifaa hicho, kidogo kama kiberiti na chenye kubana kidole mithili ya kibanio cha nguo, kinauzwa katika maduka ya dawa, na baadhi ya wagonjwa hufika kliniki wakiwa na namba walizojipimia nyumbani. Saa za mkononi nazo zinadai kutoa kipimo hichohicho. Mkufunzi wa uuguzi au utabibu amepata hapa nafasi ambayo mwalimu wake mwenyewe hakuwa nayo: kila mwanafunzi anaweza kukishika chombo, kukichezea na kukikosesha. Hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa kuwa maelezo yanayokuja ndani ya boksi huonyesha jinsi kinavyopima, wala hayakawii juu ya namna kinavyodanganya.

Msingi wa kifaa hiki ulibuniwa Japani na mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, aliyeutangaza mwaka 1974. Upande mmoja wa kibanio hutoa mwanga wa aina mbili, mwekundu na wa infraredi usioonekana kwa macho. Upande wa pili hupokea mwanga uliovuka kidole. Himoglobini iliyobeba oksijeni huuachia mwanga mwekundu upite na hunyonya zaidi ule wa infraredi. Isiyobeba oksijeni hufanya kinyume chake. Damu ya ateri hujaa na kupungua kwa kila pigo la moyo, hivyo kifaa hufuata ile sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka, na kuiacha ile isiyobadilika, inayotokana na mfupa, ngozi na damu ya vena. Tochi ya simu ikiwekwa chini ya kidole katika chumba chenye giza, darasa zima litaona kidole kikiwaka wekundu, na maelezo ya ubaoni yatakuwa mafupi.

Baada ya hapo majaribio hayahitaji gharama. Mwanafunzi mmoja achovye mkono katika maji baridi kwa muda, kisha apimwe: namba huchelewa, huyumba, au haitokei kabisa, kwa sababu mishipa ya vidole imesinyaa. Mwingine atikise mkono. Wa tatu avalishwe mkanda wa kupimia shinikizo la damu kwenye mkono uleule na ujazwe upepo. Namba itapotea, jambo linalotokea wodini kila mara vyombo viwili vinapofungwa mkono mmoja. Pakiwa na mwenye piko nyeusi au rangi nzito ya kucha, kidole chake kilinganishwe na kingine kisichopakwa, au kifaa kibanwe kwa ubavu wa kidole. Na mwenye afya njema akizuia pumzi kidogo, bila mashindano, darasa litajifunza jambo lisilosahaulika: kama namba itashuka, itashuka baada ya yeye kuanza kupumua tena. Habari inayosomwa kidoleni ni ya takriban nusu dakika iliyopita.

Makosa mengine hayaonekani kwa jaribio, na hayo ndiyo yanayoua. Kifaa husoma asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Hakisemi himoglobini yenyewe ni kiasi gani. Ni sawa na kituo cha mabasi ambako kila basi limejaa abiria, lakini mabasi yote ni matatu. Mama mjamzito mwenye upungufu mkubwa wa damu, au mtoto mwenye selimundu ambaye himoglobini yake imeshuka ghafla, anaweza kusoma 99 huku viungo vyake vikikosa oksijeni.

Kosa la pili linahusu jiko la mkaa lililoachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa. Gesi ya kaboni monoksaidi huing'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu iliyoibeba huupitisha mwanga mwekundu karibu sawa na damu yenye oksijeni. Abiria mgeni amekalia kiti akiwa amevaa sare ya mwenyewe. Familia inaweza kuletwa zahanati ikilalamika kichwa na kichefuchefu, kila mmoja akasoma 98, na mhudumu asiyefundishwa akawarudisha nyumbani kwenye chumba kilekile. Aliyefundishwa huuliza juu ya jiko, na huwapa oksijeni bila kuitii namba.

La tatu linagusa ngozi yenyewe. Namba inayotokea ni makadirio yaliyotokana na watu wa kujitolea waliovutishwa hewa yenye oksijeni kidogo huku damu yao ya ateri ikipimwa, na wengi wa watu hao walikuwa na ngozi nyeupe. Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani wa mwaka 2013 ulitaka angalau watu wawili, au asilimia 15 ya kundi, wawe na ngozi nyeusi. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walichapisha matokeo ya wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea 92 hadi 96: asilimia 11.7 ya wagonjwa Weusi walikuwa, kwa kipimo cha damu, chini ya 88, ikilinganishwa na asilimia 3.6 ya Wazungu. Kwa mhudumu wa Afrika Mashariki hili si jambo la pembeni. Anayepata 92 kwa mgonjwa anayehema asijifariji kwamba bado kuna nafasi.

Mgonjwa aliyenunua kifaa naye ana haki ya kuelezwa haya kwa lugha nyepesi. Akae ametulia dakika chache, mkono uwe na joto, asubiri namba itulie kabla ya kuiandika. Namba iliyo chini ya 90 ni ya kukimbilia hospitali. Inayoendelea kushuka kutoka kiwango chake cha kawaida ni ya kushauriana mapema. Anayeshindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, aliyechanganyikiwa, au ambaye ulimi na fizi zimegeuka rangi ya samawati, apelekwe hata kama kifaa kinasoma 98. Saa ya mkononi isitumiwe kabisa kuamua mambo haya.

Darasani, utaratibu mmoja huleta matunda haraka. Mwanafunzi ahesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima, aangalie kifua kama kinabonyea, atazame fizi, kisha aandike daftarini kile anachotarajia kukisoma. Hapo ndipo akabidhiwe kifaa.