Korbani kwa Simu

Somo la ushirika wa nyumbani
Maandiko: Marko 7:9–13, 1 Timotheo 5:3–8, Isaya 38:21, Yohana 21:18



Nilikuwa nimeandaa somo juu ya kuwaheshimu wazazi, lina vichwa vitano na mifano ya kutosha. Mchungaji wetu akaniuliza, "Wewe si umetoka tu kumuuguza mama yako? Fundisha hilo." Kwa hivyo nimeweka vile vichwa vitano kando. Sehemu kubwa ya nitakayosema ni aibu yangu mwenyewe.

Mama yangu ana miaka 76, ni mjane, anaishi nyumbani kwetu karibu na Kimilili. Asubuhi moja alitoka jikoni amevaa patipati zilizoisha nyayo, akateleza, akaanguka kwa ubavu. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa si mbali na hapo, alipofika alikuta mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwingine na wayo umegeukia nje. Jirani mmoja mwenye nia njema alikuwa tayari na mafuta ya kukanda. Dada alikataa, na namshukuru Mungu kwa hilo. Mzee akianguka na mguu ukawa hivyo, huenda nyonga imevunjika. Usimkande, usimsimamishe eti ajaribu kutembea, na tafadhali usimpakate kwenye bodaboda. Tafuta gari ambalo atalala.

Hospitalini walisema atafanyiwa upasuaji, kichwa cha mfupa wa paja kiondolewe na kuwekwa cha chuma. Dada aliogopa. Mtu wa umri huo, kupasuliwa? Daktari alimweleza kwa utaratibu kwamba kumlaza tu ndiyo hatari zaidi: mzee akilala wiki nyingi anapata vidonda vya mgongoni, damu inaganda miguuni, mapafu yanashika nimonia.

Sasa swali: mimi nilikuwa wapi?

Nilikuwa hapa Nakuru. Tulikuwa na mkutano wa injili wa siku nne na mimi ndiye niliyekuwa mratibu. Mnakumbuka, wengine wenu mliokoka pale. Nilituma shilingi 45,000 kwa M-Pesa, nikafungua kundi la WhatsApp la familia, nikatengeneza jedwali la michango. Nilisomea biashara chuo kikuu, na mambo ya bajeti sihitaji kusukumwa. Kila aliyetoa niliandika jina na kiasi. Langu lilikuwa juu kabisa. Nikamwambia dada, "Wewe kaa na mama, mimi niko kwa kazi ya Mungu, tunasimama pamoja katika maombi."

Usiku wa kabla ya upasuaji muuguzi alimwambia mama asile wala asinywe chochote baada ya saa fulani. Mama akamjibu, "Kufunga nimezoea, ila huku mnanifungisha bila kuniambia tunaombea nini." Wodi nzima ilicheka. Nilipoambiwa nilisema, mama yuko sawa.

Upasuaji ulienda vizuri. Usiku wa pili baadaye, saa nane, dada alinipigia akilia. Mama alikuwa anavuta mrija wa dripu na kuzungumza na baba, ambaye tulimzika mwaka 2011. Alisema kuna watu wamesimama mlangoni. Hakumtambua dada. Na mimi, mtumishi wa Mungu, nilifanya nini? Nilimwambia dada aweke simu kwa sauti kubwa, nikaanza kukemea. Mnajua tunavyokemea. Nilikemea roho ya mauti, nikakemea roho za ukoo, nikamwamuru mama afungue macho. Wagonjwa wengine waliamka. Mama alijifunika uso kwa shuka akalia kama mtoto.

Muuguzi wa zamu alikuja akaomba simu. Aliniambia kwa heshima, "Pasta, mama hana pepo. Wazee wengi huchanganyikiwa hivi baada ya operesheni. Hupita. Lakini kelele na woga vinamzidishia." Akamuuliza dada kama mama huvaa miwani. Huvaa. Iko wapi? Ilikuwa kwenye mkoba chini ya kitanda tangu siku aliyolazwa. Fikiria uko mahali usipopajua, usiku, una maumivu, dawa za maumivu zinazunguka mwilini, hujanywa maji ya kutosha na huoni vizuri. Hata wewe ungeona watu mlangoni.

Nieleweke. Siwafundishi kwamba hakuna mapepo. Ninafundisha kwamba nilikuwa mbali, karibu saa tano za barabara, sikumwona mgonjwa, sikuuliza swali hata moja, na nilitoa hukumu. Mnaotembelea wagonjwa hospitalini, shikeni hili: mzee aliyekuwa na akili timamu jana na leo anaweweseka, mwite daktari au muuguzi kwanza. Inaweza kuwa maambukizi kwenye mkojo, upungufu wa maji, dawa, au choo kilichofunga siku nne. Mvalishe miwani. Mwambie uko wapi na leo ni siku gani, hata mara kumi. Mshike mkono. Uombe, ndiyo, lakini uombe kwa sauti ambayo mtu mwenye hofu anaweza kuisikia bila kuruka. Eliya kule Horebu hakumsikia Bwana kwenye upepo wala kwenye tetemeko.

Mkutano ulipoisha Jumapili nilipanda matatu Jumatatu alfajiri. Akili za mama zilikuwa zinarudi. Aliponiona alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ulinipigia kelele, Pasta." Huwa ananiita mwanangu. Pasta ananiita akiwa amekasirika. "Nilijiuliza, nimemkosea Mungu wapi?"

Wapendwa, sikuwa na jibu.

Usiku huo nililala kwenye kiti kando ya kitanda chake ili dada aende akaoge na kulala. Kwa sababu sikupata usingizi, nilifungua lile jedwali langu kwenye simu. Nikaongeza safu moja: usiku. Dada, usiku 9. Ndugu yetu mdogo anayefanya kazi Qatar, sifuri, ingawa alikuwa akimpigia mama kila jioni. Mimi, huu wa leo, 1. Safu ya pesa ilionyesha mimi ndiye mwana mwema wa familia. Ile ya pili ilionyesha mtu mwingine. Na kumbe dada alikuwa amefunga kibanda chake cha mboga siku zote hizo na hakuna aliyeandika hasara hiyo mahali popote. Chuoni tulifundishwa kwamba gharama isiyoandikwa bado kuna mtu anayeilipa.

Hapo ndipo Marko 7 ilinijia. Someni polepole kwenye vikundi vyenu. Mafarisayo walikuwa na utaratibu: mtu anaitangaza mali yake kuwa korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na baada ya hapo baba na mama hawawezi kusaidiwa nayo. Angalia vizuri, hawakuwa wanaiba. Walikuwa wanampa Mungu! Yesu hakuwaambia wapunguze ibada. Aliwaambia kwamba kwa ibada hiyo wametangua amri ya Mungu mwenyewe. Nimehubiri andiko hili mara nyingi nikiwalenga wanaotumia pesa vibaya. Sikuwahi kufikiri korbani inaweza kuwa muda. Nilikuwa nimeweka siku nne wakfu kwa mkutano, na kwa mama sikubakisha hata moja, na nilikuwa na Biblia mkononi.

Paulo naye, katika 1 Timotheo 5:4, anaweka utauwa wa mtoto nyumbani kwanza, kuwalipa wazazi. Tunapenda kurukia mstari wa 8 kwa sababu una ukali wa kuwapigia wengine. Kaeni kwenye wa 4.

Kuna ndugu atauliza, kama tungeomba kwa imani, upasuaji ungekuwa wa nini? Sisi ni kanisa linaloamini uponyaji na mimi siondoki hapo. Lakini soma Isaya 38. Hezekia aliomba akalia, Bwana akamwahidi miaka 15, na bado nabii aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Ahadi ilishatoka kwa Mungu mwenyewe, na tini zikawekwa vilevile. Kwa hivyo usimwambie mzazi wako aache dawa za presha kwa sababu ameombewa. Zibebe zote kwenye mfuko ukienda hospitali, pamoja na zile za mitishamba, umwonyeshe daktari kabla ya upasuaji. Na kwa kuwa tuko hapo, hakikisha mzazi amesajiliwa SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF, na mchango wake umelipwa. Fanya hivyo akiwa mzima. Kutafuta nywila saa sita usiku kwenye korido ya hospitali si wakati wa kujifunza subira.

Nyumbani ndiko kazi ilikokuwa. Daktari alisema asikae kwenye kiti cha chini, asikunje nyonga sana, asipishanishe miguu. Sasa choo chetu ni cha shimo. Utachuchumaaje na nyonga ya siku 12? Fundi seremala wa sokoni alitutengenezea kiti imara chenye tundu katikati na mahali pa kushika pande zote, kinachowekwa juu ya lile shimo. Siku hizo mbili za kwanza, kabla kiti hakijaisha, tulitumia ndoo chumbani. Kwetu mwana wa kiume hamwogeshi mama yake, na sikuivunja heshima hiyo. Shemu na Yafethi walitembea kinyumenyume kumfunika baba yao. Dada alimwogesha. Lakini ndoo niliimwaga mimi, mashuka niliyafua mimi, na mama alipotaka kusimama na ile fremu ya kutembelea nilisimama kando yake, mkono wangu mgongoni mwake bila kumsukuma. Hatua tano hadi mlangoni. Kesho yake nane. Mtaalamu wa mazoezi alitukataza kumhurumia kwa kumlaza.

Mara ya kwanza kumwaga ile ndoo, mama aligeuza uso ukutani. Hapo nilielewa Yohana 21:18. Yesu anamwambia Petro kwamba akizeeka atanyosha mikono na mtu mwingine atamvika. Najua Yohana anaeleza kwamba ni habari ya kifo cha Petro. Lakini mtu aliyemlisha kila mtu kwenye boma lile, aliyekuwa akiamka saa kumi kukamua ng'ombe, sasa ananyosha mikono. Hilo lilimuuma kuliko mshono. Nikajifunza kumuuliza kabla ya kufanya: "Mama, nikuinue sasa au bado kidogo?" Akisema bado kidogo, ni bado kidogo. Akitaka kuchambua maharagwe akiwa ameketi kitini, mpe maharagwe achambue, hata kama anachukua saa mbili.

Nilikaa siku 10 tu, kisha nikarudi kazini. Dada alibaki. Sasa mimi huenda kila wiki ya pili, kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, na wazee wa kanisa wamekubali nipumzishwe na kipindi cha katikati ya wiki. Jedwali lina safu zote mbili. Ndugu wa Qatar analipa mshahara wa msichana anayemsaidia dada mchana, na kibanda kimefunguliwa tena.

La mwisho ni letu kama kanisa. Dada huyu ni mwanakwaya huko kwao. Alipokosa ibada miezi miwili, aliyempigia simu alimuuliza kama amerudi nyuma. Hakuna aliyeuliza mama anaendeleaje. Msiseme ni kule tu. Nimepitia daftari letu la mahudhurio, kuna akina mama wanne na ndugu mmoja hapa kwetu ambao tumewaandika "wamepoa" na nimegundua kila mmoja ana mzee kitandani. Hawajapoa. Wamechoka.

Kwa hivyo kwenye ushirika wa nyumbani juma hili, baada ya kusoma, msijadili sana. Kila kikundi kitaje nani ana mzazi anayeuguzwa, na nani anaweza kwenda kukaa na mzee huyo Jumapili moja kuanzia saa tatu hadi saa saba, ili anayemuuguza apate kuja ibadani au alale tu, akitaka. Aende mtu anayejua kunyamaza. Viongozi, nileteeni majina na siku kufikia Alhamisi jioni. Pesa msiniletee kwa sasa.