SOMO: Mama Aliyekagua Hesabu za Kwenda Angani



Tukitembelea vikundi mara nyingi tunasikia neno hili: "Hesabu ni za mweka hazina." Basi kitabu hatukifungui. Tunaogopa tukiuliza tutaonekana tunamshuku mwenzetu. Leo tujifunze kwa mama mmoja ambaye hesabu zake zilibeba uhai wa mtu.

Katherine Johnson alizaliwa mwaka 1918 katika jimbo la West Virginia, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima. Siku hizo watoto weusi wa wilaya yao hawakuwa na shule baada ya darasa la nane. Wazazi wakatafuta makao katika mji mwingine, karibu kilomita 200, ili watoto wasome. Katherine akaanza sekondari akiwa na miaka 10, na kufikia miaka 18 alikuwa amemaliza chuo.

Mwaka 1953 aliajiriwa huko Langley, Virginia, na shirika la utafiti wa ndege ambalo mwaka 1958 liligeuka kuwa NASA. Wanawake waliopiga hesabu ndio walioitwa "kompyuta", na wale weusi walikuwa na ofisi ya peke yao. Katherine aliona mikutano ya kupanga kazi ni ya wanaume tu. Akauliza: je, kuna sheria inayomkataza mwanamke? Haikuwako. Akaingia.

Kazi yake aliifanyaje? Alianzia mwisho. Chombo kinatakiwa kishuke wapi? Kutoka hapo alihesabu kurudi nyuma: kirushwe saa ngapi, kielekezwe wapi. Kosa dogo la mwanzo lingemwangusha mtu mbali sana na meli zinazomngoja baharini.

Mwaka 1962 John Glenn alikuwa ajiandae kuizunguka dunia mara 3. Mashine mpya ya kompyuta ilikuwa imeshatoa hesabu zote. Hata hivyo Glenn aliomba Katherine azirudie mwenyewe. Akakaa nazo kama siku moja na nusu. Zikalingana. Tarehe 20 Februari Glenn akaenda, na akarudi salama.

Tunajifunza nini? Glenn hakumtukana mtu yeyote kwa kuomba hivyo. Kukagua ni kumlinda yule atakayeumia hesabu zikikosewa. Kwetu sisi fedha za kikundi ni karo ya mtoto, ni mbegu za msimu ujao. Mweka hazina mwaminifu naye anasaidika, maana maneno ya pembeni yanakwisha.

Katherine alistaafu mwaka 1986. Mwaka 2015 alipewa nishani na Rais wa Marekani, na mwaka 2020 akaaga dunia akiwa na miaka 101.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Mara ya mwisho kitabu chetu kilisomwa mbele ya wote lini?
2. Ni mikutano gani ambayo kina mama hawaingii, na nani alisema wasiingie?
3. Ni msichana gani hapa kijijini anayejua hesabu lakini karo imemshinda?

KAZI: Kabla ya mkutano ujao, wanachama wawili wasio viongozi wajumlishe kitabu upya, kila mmoja kwa karatasi yake. Halafu tulinganishe.