Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara: Umbali Mmoja, Nyakati Nyingi

Mwanafunzi wa Mtwara akiulizwa Dar es Salaam iko mbali kiasi gani, hujibu ama "kilomita 560" ama "siku nzima kwa basi". Hayo ni majibu ya barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na wakati wa masika msafiri aliweza kukwama siku kadhaa ilhali umbali haukuongezeka hata hatua moja.

Ndege haifuati madaraja. Kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam kipo nyuzi 6 dakika 52 kusini na nyuzi 39 dakika 12 mashariki. Cha Mtwara, nyuzi 10 dakika 20 kusini na nyuzi 40 dakika 11 mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 208. Kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852, basi twapata kilomita 385. Tofauti ya longitudo ni dakika 59, lakini mistari hiyo hukaribiana kadiri tuiachapo Ikweta. Hivyo hapana budi kuzidisha kwa kosaini ya latitudo ya katikati, yaani 0.989, nasi twapata kilomita 108. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali ni kilomita 400. Mviringo wa dunia tumeupuuza. Kwa safari fupi namna hii kosa lake ni dogo mno.

Ndege yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa ingetumia dakika 48. Ratiba huandika kama saa moja, kwa kuwa ndege hutembea kwanza uwanjani, hupanda polepole, na hupunguza mwendo kabla ya kutua.

Kisha kuna upepo, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Husema: upepo ukizuia wakati wa kwenda utasaidia wakati wa kurudi, kwa hiyo hakuna hasara. Tuuchukue upepo mkali wa kusi, kilomita 100 kwa saa, ili jambo lionekane wazi. Kwenda Mtwara mwendo ni 400 kwa saa: dakika 60. Kurudi ni 600: dakika 40. Jumla ni dakika 100, si 96. Ndege imekaa ndani ya upepo unaozuia muda mrefu kuliko ndani ya unaosaidia. Rubani anayebeba mafuta ya kwenda na kurudi akifuata hesabu ya darasani, atapungukiwa na mafuta ya dakika nne. Nahodha wa jahazi aliungoja upepo ugeuke. Rubani hana nafasi hiyo.

Zoezi: Palma, ng'ambo ya mlango wa Ruvuma, ipo nyuzi 10 dakika 46 kusini na nyuzi 40 dakika 28 mashariki. Tafuta umbali wake kutoka kiwanja cha Mtwara (jibu likaribie kilomita 57). Halafu mwulize mtu aliyewahi kuuvuka mto huo alitumia saa ngapi.